Mjadala: Maji mafupi ya Lamu yapandwe mwani ili kupunguza asidi ya bahari?

Mwenye mada, Lamu mjini

Assalaam alaikum, wana Lamu na Malindi.

Wiki iliyopita tulikuwa uwanjani Mkunguni baada ya alasiri, akaja mgeni mmoja na ramani mkononi. Anaomba vijiji vya upande wa kisiwa cha Pate vimkubalie kufunga kamba za mwani kwenye maji mafupi. Kilimo chenyewe hakinitishi, wenzetu wa Kwale wanakula kwacho. Kilichonirudisha nyumbani na dukuduku ni sababu aliyoitoa. Alisema bahari inaingia asidi, mwani unakula hewa ya ukaa, basi tukiupanda kwa wingi tutaiponya bahari yetu, na wako watu ng'ambo watakaotulipa kwa kuiponya. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mimi naona nusu ya maneno yale ni kweli, na hiyo nusu ndiyo itakayotuponza.

Kweli yake ni hii. Karibu robo ya hewa ya ukaa ambayo wanadamu wanaitoa kila mwaka huingia baharini, na ikikutana na maji huwa asidi dhaifu. Kabla ya zama za viwanda kipimo cha pH (kikishuka, asidi imezidi) cha maji ya juu ya bahari duniani kilikuwa karibu 8.2, leo ni karibu 8.1. Tofauti yaonekana ndogo kwa kuwa kipimo hicho huenda kwa mara kumi kumi: kushuka kwa 0.1 maana yake chembe za asidi zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Bahari haijawa siki, bado iko upande wa alkali, kinyume cha asidi. Lakini matumbawe, chaza na kome hujijengea nyumba kwa madini ya chokaa, na asidi ikizidi malighafi ya kujengea huadimika majini. Atakaye kuona kwa macho yake akamulie ndimu juu ya ganda la chaza. Vitatoka vipovu vidogo vidogo. Ndimu ni kali kuliko bahari kwa mbali sana, ila kinacholiwa ni chokaa ile ile.

Na mwani kweli hunywa hewa hiyo. Jua likiwaka huivuta kutoka majini na pH hupanda. Jua likitua, mwani hupumua kama sisi, huirudisha, na pH hushuka mpaka alfajiri. Kwenye maji mafupi yenye mimea mingi, tofauti kati ya alfajiri na alasiri ya siku moja huweza kuipita ile 0.1 iliyochukua zaidi ya karne nzima.

Sasa je, hilo latosha kuwa sababu ya kutoa maji ya kijiji? Mimi nasema halitoshi. Karibuni mnipinge.

Dada wa Malindi, mzaliwa wa Kibuyuni

Waalaikum salaam kaka. Nakupinga, tena kwa moyo wote. Mimi nimefunga mwani kwetu Kibuyuni, Kwale, kabla sijaolewa huku. Unaingia maji yakipwa, yanakufika mapajani, unakata kichipukizi kama ngumi ya mtoto, unakifunga kwenye kamba kwa uzi, unasogea hatua unafunga kingine. Mgongo unauma, viganja vinachubuka. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unaanika kwenye vichanja. Ada za wadogo zangu zimetoka pale.

Hoja yangu ni hii: wewe unasema usiku mwani unarudisha ulichokula mchana. Haurudishi wote! Ungerudisha wote ungekuaje? Kile kichipukizi cha ngumi kinakuwa kichaka cha kukumbatia kwa mikono miwili, na huo mwili wake umetoka wapi kama si kwenye hewa ile? Nasi hatuuachi uoze majini, tunautoa.

Mwenye mada

Dada yangu, hapo umenishika, na nakubali: mwani unaokua huchukua zaidi ya unachorudisha. Lakini tuufuate safarini. Ukishakaushwa huenda viwandani, hukamuliwa ule utomvu wa kugandishia, ukaingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na nyama za makopo. Ukiliwa au ukimwagwa, kaboni yake, yaani ile hewa ya ukaa uliyoinywa, hurudi hewani baada ya miezi au miaka michache, na hewa ndiyo inayoilisha bahari. Linganisha na mikoko. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni tangu mwaka 2013, yaani hulipwa kwa kuihifadhi, kwa kuwa mkoko huifukia kwenye tope, ikakaa humo muda mrefu sana. Mwani hauna mizizi, hauna tope lake.

Halafu tazama mkondo wetu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, hupanda kwa zaidi ya mita 3. Maji yaliyopunguziwa asidi adhuhuri, jioni yako nje ya mlango wa bahari na mengine yameingia mahali pake. Pale pale kati ya kamba nafuu ipo, kwa saa kadhaa. Kusema tutaiponya bahari ni kuwadanganya wazee.

Mvuvi, Faza

Mie si mtu wa kuandika sana. Neno mwani linatuchanganya. Huku vyote twaviita mwani: ule wa kamba, ule unaoletwa na kusi ukaoza ufuoni, na zile nyasi ndefu za chini zenye mizizi. Zile nyasi ndizo malisho ya tasi. Kasa hula pale. Nguva, wachache waliosalia, hula pale. Wakulima wakija watataka maji mafupi yaliyotulia, na hapo ndipo nyasi zilipo. Watapigilia vigingi, watakanyaga kila bamvua, kamba zitatia kivuli, na wengine watazing'oa nyasi ili kamba zisinase. Nimewahi kuona kipande kilichong'olewa nyasi kwa kazi nyingine. Mwaka wa kwanza maji yalichafuka, mwaka wa pili nikitega dema napata mchanga na kaa wadogo. Tasi hakurudi.

Mwenye mada

Ami, shukrani, hili ndilo lililonikaa kooni pale Mkunguni nikashindwa kulitamka. Nyasi za bahari nazo hunywa hewa ya ukaa mchana, nazo hupunguza asidi, tena zina mizizi na huifukia kaboni chini kama mkoko. Ukizing'oa ili upande mwani kwa jina la kupunguza asidi, umemfukuza daktari umemweka mpita njia.

Mwalimu wa kemia, Malindi

Naomba niongeze upande ambao hamjaugusa. Mnaongea mwani unaifanyia nini asidi. Na asidi je, inaufanyia nini mwani? Inategemea ni upi. Ile laini kama ya kulimwa haidhuriki sana na yenyewe, hewa ya ukaa ikiongezeka mingine hukua vizuri zaidi. Adui wake mkubwa ni joto: Zanzibar, ambako kilimo hiki kilianza mwaka 1989, mwani wa thamani wanaouita kotoni umekuwa ukiwafia maji yanapopata moto.

Ila ipo mwani mingine inayojijengea chokaa. Mmoja ni kama vijisarafu vya kijani vilivyoungana, ukifa hugeuka mweupe na kuvunjika, na sehemu ya mchanga mweupe wa nyuma ya miamba hutokana nao. Mwingine ni ule utandu mgumu wa rangi ya waridi unaobandika mwambani. Wanafunzi wangu huudhani ni rangi ya jiwe. Huo ndio saruji ya mwamba, na vitoto vya matumbawe hupenda kutua juu yake. Chokaa yake huyeyuka kwa wepesi zaidi ya ya matumbawe yenyewe. Hifadhi yetu ya bahari ya Malindi imelindwa tangu mwaka 1968, lakini askari wa hifadhi hawezi kuuzuia utandu huo usiliwe na asidi.

Tena huku kaskazini mwa pwani tuna jambo letu. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hushuka ukakutana na mkondo wa pwani, na maji baridi ya chini hupanda. Yana chakula kingi cha samaki, na yana hewa ya ukaa nyingi kuliko ya juu. Kwa hiyo nasema kaka usiufunge mlango kabisa. Kule Maine, Marekani, wamejaribu kupanda mwani kando ya kome, na maji ndani ya shamba yakawa na asidi pungufu kuliko nje. Tukifuga chaza siku moja, kamba chache za mwani kuwazunguka huenda zikawafaa.

Mwenye mada

Mwalimu, hilo nalipokea. Kuwakinga chaza wa shamba moja ni ahadi inayopimika: unatumbukiza kipima alfajiri na alasiri, ndani na nje, miezi kumi na miwili. Aliyekuja Mkunguni hakuwa na kipimo hata kimoja cha maji yetu, na alipoulizwa nani atapima, alirudi kwenye ramani.

Kijana, Lamu mjini

Samahani kaka, lakini sisi vijana hatuna kazi. Mtu akileta hela ya kaboni, tumfukuze kwa sababu ya kemia?

Mwenye mada

Usimfukuze mdogo wangu, mwambie abadilishe karatasi. Asidi hii inatokana na moshi, na sisi wa Lamu tunalijua hilo: mwezi Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliotaka kujengwa hapa kwetu, bahari ilipunguziwa mzigo ambao mashamba yote ya mwani ya pwani hii yasingeubeba. Mtu akinunua kaboni ya mwani wako, kuna mwenye moshi kwingine anayepata ruhusa ya kuendelea kuutoa. Moshi ule unabaki, mwani wako unaliwa kwenye aiskrimu. Mimi siwezi kuweka saini ya kijiji hapo.

Niletee karatasi iseme mwani unalimwa kwa sababu una bei, kilo ni kiasi gani na nani anapanga. Iseme kamba zitakaa kwenye mchanga mtupu. Iseme mwani unaokatika utazolewa, usiachwe uoze. Hiyo nitaisaini wa kwanza, na dada wa Kibuyuni nitamwomba aje atufundishe kufunga.

Dada wa Malindi, mzaliwa wa Kibuyuni

Nitakuja. Lakini mchanga mtupu upo wa kutosha huko kwenu? Kwetu ilibidi tutafute.

Mvuvi, Faza

Upo kidogo, karibu na mlango, ila maji ni ya kasi. Bamvua lijalo nitawapeleka kwa mashua, tupige vijiti pale nyasi zinapoishia kabla mwenye ramani hajarudi.