Tupeane uzoefu: Kuiandaa timu ya misheni kwenda nje ya nchi

Mratibu wa Safari
Wapendwa, Bwana asifiwe. Tuweke hapa maandalizi ya timu inayokwenda kuhudumu nchi nyingine, tangu inapoundwa mpaka inapopanda ndege. Leteni hatua, tarehe, vipimo na yale yanayoharibika. Shuhuda tuziache kwa leo.

Naanza na kanisa mwenyeji. Kabla hamjapiga hesabu ya nauli, mwandikieni mwenyeji mumuulize: mnahitaji huduma gani, mnaweza kupokea watu wangapi bila kulemewa, na wiki zipi hazifai? Timu nyingi huanza kinyume. Hupanga semina ya vijana, kisha hukuta vijana wote wako kwenye mitihani. Majibu yawe ya maandishi, kwa kuwa ndiyo yatakayozaa barua ya mwaliko ya ubalozini: majina kama yalivyo kwenye pasi, namba za pasi, tarehe za kuingia na kutoka, mahali pa kulala, na nani anabeba gharama.

Mama Viza
Kagua pasi ya kila mmoja kwa macho yako, usikubali "ninayo nyumbani". Nchi nyingi hudai iwe hai miezi 6 zaidi ya tarehe za safari, na iwe na kurasa tupu zisizopungua mbili. Jina la tiketi lifuate la pasi, herufi kwa herufi. Mwanamke aliyeolewa akakatiwa tiketi kwa jina la mume huku pasi ina jina la baba, huyo ana shida kaunta.

Viza ndipo penye mtego. Usijaze "utalii" kama mnakwenda kuhubiri au kujenga. Nchi kadhaa huhesabu huduma ya kidini, au kujitolea bila malipo, kuwa shughuli yenye kibali chake. Madaktari na wauguzi huhitaji pia leseni ya muda ya baraza la taaluma la nchi mwenyeji; mwenyeji ndiye aifuatilie, mapema.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni hatari nyingine. Mizigo huenda isiunganishwe, mkalazimika kutoka nje kuichukua, na kutoka nje pengine kunataka viza ya nchi mnayopitia tu. Kama kuna mtoto asiyesafiri na wazazi wake, beba barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyogongwa muhuri wa wakili.

Muuguzi wa Timu
Upande wa afya, anzeni wiki 6 hadi 8 kabla. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo aliyechanjwa wiki ya safari anaweza kurudishwa mpakani. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Dawa za kinga ya malaria zina ratiba tofauti, na timu huchanganya. Atovakwoni na proguanili huanza siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo lenye malaria na huendelea siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo, ila huendelea wiki 4. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, huanza angalau wiki 2 kabla, nayo huendelea wiki 4. Daktari ndiye achague: doksisaiklini haifai kwa mjamzito na huifanya ngozi iungue upesi juani; meflokwini haifai kwa mwenye historia ya magonjwa ya akili. Wengi huacha dozi wakishafika nyumbani, na ndipo malaria huwapata.

Kwa kuhara, kama hakuna pakiti za chumvichumvi (ORS) za kurudisha maji mwilini: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi, inadhuru.

Mtumishi Jembe
Muuguzi, vipi maboksi ya dawa za msaada? Kanisa letu linataka kukusanya.

Muuguzi wa Timu
Mtumishi, msikusanye mabaki ya kabatini. Dawa ya msaada iombwe na mwenyeji, na iwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika. Dawa binafsi zikae kwenye pakiti zake na cheti cha daktari. Kodeini na tramadoli ni za kudhibitiwa sehemu nyingi.

Mkalimani Mstaafu
Hubiri la dakika 20 likitafsiriwa linakaribia 40. Wahubiri huambiwa, hawaamini, na ibada inapitiliza. Andaa nusu ya ulichozoea.

Toa wazo zima ndipo unyamaze. Mhubiri akisema "Kwa sababu Mungu, katika rehema zake…" akakaa kimya, mkalimani wa Kikorea, Kituruki au Kiamhari hana pa kuanzia, maana kitenzi cha lugha hizo huja mwishoni mwa sentensi naye bado hajakisikia. Atabahatisha, au atakukodolea macho. Sema "Mungu ana rehema." Nyamaza. "Kwa hiyo alitutafuta." Nyamaza. Na utazame watu, si mkalimani.

Mpe orodha ya maandiko jana yake, ayasome kwenye Biblia ya kwao badala ya kukutafsiria papo hapo. Namba nazo zikaguliwe: katika Biblia ya Kirusi ya Sinodi, Zaburi yetu ya 23 ni ya 22. Kwa semina ya siku nzima tafuteni wakalimani wawili wapokezane kila nusu saa hivi. Mizaha ya maneno iacheni nyumbani.

Mweka Hazina
Bajeti iwe na akiba ya asilimia 10, na fedha zishikwe na watu wawili: mmoja analipa, mwingine anaandika. Bima itaje wazi kusafirishwa mgonjwa hadi hospitali ya mbali; nyingi za bei rahisi hazina. Taslimu kubwa hutangazwa forodhani. Umoja wa Ulaya kiwango ni euro 10,000.

Zawadi za fedha zipitie uongozi wa kanisa mwenyeji. Ukimpa mmoja pembeni, unawaachia ugomvi.

Mratibu wa Safari
Niongeze la umoja. Yohana Marko aliiacha timu Perge (Matendo 13:13), na baadaye Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake (15:36-40). Andikeni mapema nani ana neno la mwisho, na nani anaweza kumrudisha mtu nyumbani, kwa gharama ya nani. Sheria za watoto nazo ziandikwe: hakuna mtu mzima peke yake na mtoto, na picha ni kwa ruhusa ya mzazi.

Fundi Vyombo
Pawabenki haziwekwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Ni za begi la mkononi. Bila kibali cha shirika la ndege mwisho ni wati-saa 100. Zidisha mAh (uwezo wa betri ulioandikwa juu yake) kwa 3.7, gawa kwa 1,000: ya 20,000 ni 74, inapita. Gawanyeni vifaa vya huduma kwenye masanduku yote. Sanduku moja likipotea lenye projekta, nyaya na vitabu vyote, semina imekufa.