Kipimo cha antioksidanti cha kumulika kiganja: nimeambiwa niko hoi, ni kweli?

Mchovu_wa_Vidonge:
Wakuu, heshima kwenu. Juzi muuza virutubisho kaniwekesha kiganja kwenye kimashine chenye mwanga wa buluu, eti kinapima antioksidanti, yaani kemikali zinazokinga seli za mwili zisiharibiwe. Namba ilipotoka akatikisa kichwa: "Antioksidanti zako ziko chini mno, ngozi inazeeka." Hapohapo kopo la vidonge likatua mezani. Sikununua, ila usingizi umeruka. Nimepigwa changa la macho?

Fundi_Mwanga:
Mkuu, mashine si ya uongo, maelezo ndiyo yametiwa hamira. Hiyo ni spektroskopia ya Raman, yaani kutambua kemikali kwa namna mwanga unavyobadilika rangi ukitawanywa nayo, kwa jina la C. V. Raman, mwanafizikia wa India aliyegundua mtawanyiko huo mwaka 1928. Mwanga wa buluu, tuseme nanomita 488, ukigonga karotenoidi, zile rangi za njano na nyekundu za mboga na matunda, sehemu ndogo ya mwanga huo hurudi imegeuka kijani. Hicho kijani ndicho kinachohesabiwa. Karotenoidi ni beta-karotini, likopini, luteini na ndugu zao, basi. Vitamini C na E haizioni kabisa! Aliposema "antioksidanti zako" alitaja ukoo mzima kwa kumwona mtoto mmoja.

BintiMaabara:
Naongezea. Kiganja huchaguliwa kwa kuwa ngozi yake ya juu ni nene na melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, ni kidogo. Zipo pia mashine za mwanga mweupe unaoakisiwa. Zile hubana kidole kwanza ili damu isogee, maana hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, hufyonza mwanga na kuvuruga hesabu. Usilinganishe namba za aina hizi mbili, kila moja ina skeli yake. Ulikuwa umepaka losheni? Unavuta sigara?

Mzee_Kijiwe:
Kijana, bugia karoti mpaka kiganja kiwe cha njano, mashine ya nini tena 😂

Mchovu_wa_Vidonge:
Mafuta nilipaka, na sigara navuta.

Fundi_Mwanga:
Wavutaji huwa na karotenoidi chache, hilo linajulikana. Ukitaka kurudia, nawa mikono, tumia mashine ileile, pima mara mbili mfululizo uone namba zinapishana kiasi gani. Ukiongeza mboga na matunda, subiri wiki kadhaa, ngozi haina haraka.

BintiMaabara:
Na hapa sitanii: kopo lilikuwa la nini? Kwenye utafiti mkubwa wa Ufini uliotolewa 1994, wanaume wavutaji waliopewa vidonge vya beta-karotini, miligramu 20 kwa siku, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa.

Mchovu_wa_Vidonge:
Lebo ilisema beta-karotini, kwa herufi kubwa. Namtumia ujumbe sasa hivi asiniwekee.