Tupeane uzoefu: safari za baiskeli za mwendo wa pole kuzunguka Tanga, kwenye misitu, mabwawa na bustani

Wakuu, salaam.

Tanga baiskeli si jambo geni. Mama anakwenda nayo sokoni, mwanafunzi shuleni, fundi anafunga spana zake kwenye keria na kuzunguka Ngamiani kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Mji ni tambarare, mtu yeyote anaweza. Lakini wengi wetu tunaipanda ili tufike. Uzi huu nauanzisha kwa wale wanaoipanda ili waone: wanaotoka alfajiri siku ya mapumziko, wanasimama penye kivuli, wanasalimiana na watu wa mashambani, wanarudi jua likipoa. Habari za mbio na kilomita kwa saa tuziache. Tuambie ulipita wapi, maji ulipata wapi, upepo ulikuwaje, na kitu gani kilikushusha kwenye siti.

Naanza mimi, natokea Chumbageni. Njia ninayoipenda ni ile ya upande wa Mto Zigi. Mto huu unatoka kwenye misitu ya Usambara Mashariki, maji yake yanakusanywa Bwawa la Mabayani, na hapo ndipo yanapovutwa kuletwa mjini. Mtu akifungua bomba Makorora, anakunywa mvua iliyonyesha Amani, huko juu kwenye misitu hiyo. Tangu nilipolielewa hilo, bwawa na msitu kwangu ni safari moja. Tofauti ni kwamba ya bwawani naimaliza asubuhi moja, na ya msituni inataka siku mbili.

Kwenda Mabayani napita njia za vumbi katikati ya mihogo, minazi na nyumba za watu. Ukifika, anza na walinzi. Eleza umekuja kutazama na uombe ruhusa, kwa sababu ni chanzo cha maji ya jiji zima. Si mahali pa kuogelea wala kuoshea baiskeli. Asubuhi mapema utakuta yangeyange wamesimama kwenye maji ya kina kifupi na mdiria akipiga mbizi. Nikiangalia rangi ya maji najua huko juu kulikoje: mvua kubwa za masika zikipiga mahali palipolimwa hadi ukingoni mwa mto, maji yanakuja mekundu ya udongo. Hilo huwezi kuliona ukiwa ndani ya basi.

Haya, karibuni.

Mdau wa Mabokweni:

Mkuu, umeanzisha jambo zuri sana. Mimi ni mtu wa njia ya Horohoro, na sehemu yangu ni Amboni. Kutoka mjini ni kilomita kama 8 tu, lami, hata baiskeli isiyo na gia inafika bila jasho jingi. Ukishaiacha barabara kuu kuelekea mapangoni, hali ya hewa yenyewe inabadilika. Miti inakufunika, unasikia Mto Mkulumuzi, na miamba ya chokaa inaanza kujitokeza pembeni.

Mapango yapo 10 lakini linalotembezwa wageni ni moja. Baiskeli unaiacha getini, unalipia, unapewa wa kukuongoza. Chukua tochi yako hata kama yeye anayo. Ndani kuna popo, kuna mahali watu huja kuomba na kuacha sadaka zao, kwa hiyo ukipita hapo punguza sauti na usiguse kitu. Wazee husimulia kwamba njia za chini zinafika Mombasa. Mimi nayapokea kama masimulizi na nayapenda hivyo hivyo.

Lakini ninachotaka kukisema zaidi ni ua. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau kwenye maeneo haya ya Tanga na Usambara, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo linapandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, wauzaji wanalijua kuliko sisi wenye asili yake. Linapenda kivuli na mawe yenye unyevu. Wakuu, mkipita kwenye miamba ile nendeni taratibu, muangalie kwenye nyufa. Mkiliona msiling'oe. Linaishi kwenye sehemu chache tu duniani, na miamba ya chokaa nayo inatafutwa na watu.

Ukiwa na nguvu, ongeza kidogo hadi majimoto ya Galanos. Jina ni la yule Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge wa enzi hizo. Harufu ya kiberiti utaipata kabla hujayaona maji.

Mdau wa Mwambani:

Mimi dada yenu naongelea kusini. Njia ya Pangani ndiyo shule yangu, na somo la kwanza ni upepo. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili hivi, ukienda kusini unakula upepo wa uso, ukirudi unasukumwa. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka mambo yanageuka: kwenda ni raha, kurudi ndiyo kazi. Kwa hiyo kipindi cha kaskazi nageuza mapema, nikiwa bado nina miguu.

Kituo changu ni Tongoni, chini kidogo ya kilomita 20 kutoka mjini. Pale pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa kale, mengine yalikuwa na minara. Meli za Vasco da Gama zilipita hapa mwaka 1498, na moja, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu ya pwani hii. Waliporudi mwaka 1499 wakaichoma moto. Ukikaa chini ya mti pale, ukatazama maji kupwa yalivyotoka na mikoko ilivyobaki na mizizi wazi, unaelewa kwa nini ilikwama.

Nikiwa na siku nzima nasogea hadi Kigombe. Bahari ya pale imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya wavuvi kuwa wanamnasa yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kuamini ametoweka kabisa duniani. Kula pweza na mihogo, kunywa dafu, rudi.

Barabara imebadilika sana kwa ujenzi wa lami. Magari sasa yana kasi, kwa hiyo vaeni nguo ya rangi ya kuonekana na kaeni pembeni. Njia za ndani za mashamba ya mkonge ni tulivu zaidi, ila kivuli hakuna hata kidogo, na miiba ya pembeni inatoboa tyubu. Vitu vyangu vya lazima ni pampu, viraka na solusheni. Maji lita mbili.

Mdau wa Raskazone:

Mimi ni mtu mzima, magoti hayaruhusu mbali. Saa kumi na moja jioni nampakia mjukuu kwenye keria, tunaanzia bustani ya Jamhuri penye mnara wa saa, tunatazama bandari na Kisiwa cha Toten, kisha tunafuata barabara ya pwani chini ya miti mikubwa hadi Raskazone. Tunanunua kashata, tunarudi kabla ya Magharibi. Nayo ni safari, msiidharau. Ombi langu kwa vijana: bustani za mji huu zitumiwe. Bustani isiyokaliwa na watu haikawii kugeuzwa kitu kingine.

Mdau wa Muheza:

Shikamoo mzee wetu wa Raskazone. Hiyo ni safari kamili.

Mwenye uzi amegusa Amani, basi niieleze, maana wengi wanaogopa mlima. Kutoka Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 35, na barabara ile ina malori mengi. Ushauri wangu, pale stendi ya Kange panda Kosta, baiskeli iende juu, uanze safari yako Muheza. Hakuna tuzo ya kupumua moshi wa malori.

Kutoka Muheza unakwenda zaidi ya kilomita 30 hadi Amani. Mwanzoni ni michungwa na mifenesi. Msimu wa machungwa, mtu akikuona umesimama atakukarimu tu. Ukifika Zigi ndipo geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Jengo la pale lilikuwa stesheni ya reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni. Lipia, jaza maji, pumzika sawasawa. Baada ya hapo ni kupanda, na Amani yenyewe ipo karibu mita 900 juu ya bahari.

Mimi sipandi yote nikiwa kwenye siti. Nasukuma, na naona kusukuma ni sehemu bora ya safari. Ukisukuma unasikia hondohondo wakipita juu kwa mbawa zenye kishindo, unawaona mbega, unanusa iliki kwenye mashamba ya watu. Mto Zigi unakuwa pembeni yako, mwembamba, maji meupe juu ya mawe. Juu kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, miti ya mabara mengi imesimama pamoja. Lala huko huko, asubuhi ukungu unashika hadi saa tatu. Beba sweta, nawaambia watu wa pwani.

Kushuka ndiko kwenye hatari. Mpelekee fundi baiskeli abadilishe vitambaa vya breki kabla ya kwenda, na shuka kwa vituo ili rimu ipoe. Kwa wasioiweza Amani, kuna msitu wa Magoroto, karibu zaidi na Muheza. Nao una mlima, lakini juu unakuta ziwa dogo ndani ya msitu na michikichi ya zamani pembeni. Watu hulala kwenye mahema.

Mdau wa Sahare:

Samahani wakuu, mwanamke akienda peke yake huko Zigi ni salama? Na baiskeli yangu ni ya kawaida, ile ya kengele na kikapu.

Mdau wa Mwambani:

Dada, njia ya Tongoni naenda peke yangu, naaga nyumbani na kusema saa ya kurudi. Zigi nenda na mwenzako, si kwa sababu ya watu, bali kwa sababu mtandao wa simu unakatika na pancha mlimani ikikupata peke yako itakuchelewesha gizani. Baiskeli yako inatosha kwa Amboni na Tongoni. Ya mlimani tutakuazimia yenye gia.

Mwenye uzi:

Basi tuanze na Mabayani pamoja, Jumamosi baada ya mvua kukatika, saa kumi na mbili asubuhi, penye mnara wa saa. Dada wa Sahare njoo na kikapu chako, tutakitilia vitumbua. Mdau wa Muheza, shuka na Kosta ya kwanza tutakusubiri. Anayewajua walinzi wa pale bwawani atangulize taarifa ili tusiwashtue.