Peru peke yangu, wiki tatu: wapi nijiunge na kikundi, wapi nijitegemee?

Begi Mgongoni

Habari zenu wakuu. Nimepata likizo ya wiki tatu mwezi Juni mwakani na nimeamua kwenda Peru. Ni mwanamke, nimevuka miaka arobaini, na nitakwenda peke yangu kwa sababu kila niliyemwomba tufuatane ana lake. Nimeshatembea peke yangu nchi za jirani, ila kuvuka bahari ndiyo mara ya kwanza. Kihispania changu ni cha salamu na kuhesabu.

Ninayoyataka hasa ni matatu: kutembea Njia ya Inka ya siku nne hadi magofu ya Machu Picchu, kufika Ziwa Titicaca, na kulala siku chache kwenye msitu wa Amazon. Kampuni moja imenitumia pakeji ya wiki tatu nzima, kuanzia kupokelewa uwanja wa ndege hadi kurudishwa. Nikiisoma naona raha, kisha nachoka kabla sijaondoka: kuamka saa kumi alfajiri, basi, picha, basi, picha. Tena kuna nyongeza ya kulala chumba peke yako ambayo imenikata maini.

Lakini kufanya yote peke yangu nako naogopa. Mabasi ya masafa marefu, mwinuko, kuugua chumbani bila mtu wa kujua. Nafikiria kuchanganya. Je, sehemu zipi niende na kikundi? Zipangwe kwa utaratibu gani? Na ni kweli kwamba mtu aliye peke yake kwenye kikundi huishia kula pembeni huku wengine wako wawili wawili?

Dira

Karibu dada. Swali lako la kwanza nusu yake serikali ya Peru imeshalijibu. Njia ya Inka huruhusiwi kuitembea mwenyewe, lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni kupitia kampuni iliyoidhinishwa. Watu 500 tu ndio wanaoruhusiwa kuingia kwa siku, na humo wamo wapagazi, wapishi na waongozaji, kwa hiyo watalii wenyewe hubaki kama 200 hivi. Februari njia hufungwa kabisa. Juni ni kiangazi cha kule, ndiyo miezi inayogombewa, na vibali huisha miezi kadhaa kabla.

Kwa hiyo usianze na tiketi ya ndege. Anza na kibali. Tarehe ya kibali ndiyo msumari, mengine yote utayatundika hapo. Kikishatolewa kwa jina lako na namba ya pasipoti, hakihamishiwi mtu mwingine wala hakisogezwi tarehe.

Ukikosa, usivunjike moyo. Ipo njia fupi ya siku mbili inayoanzia kilomita 104 ya reli, nayo inahitaji kibali na mwongozaji. Ipo pia Salkantay, ambayo haina ukomo huo wa vibali, ila inapanda juu zaidi, zaidi ya mita 4,600. Tofauti na ile ya Inka, haikuingizi Machu Picchu kwa miguu. Tiketi ya kuingia utainunua kivyake, nayo ina saa maalumu.

Mzee wa Mabasi

Mimi nasema pakeji nzima achana nayo. Miji ya Peru inatembeleka mwenyewe bila shida. Lima, Arequipa na Cusco ni miji ya kutembea kwa miguu katikati yake, na watalii wamejaa.

Shida yako kubwa ni mwinuko, si upweke. Lima iko kando ya bahari. Ukipanda ndege kwenda Cusco, mji unakoanzia safari za Machu Picchu, baada ya saa moja na kitu uko mita 3,400 na kichwa kinagonga. Panda kwa ardhi. Toka Lima ufuate pwani, upande Arequipa iliyo mita 2,300 na ushee, ukae hapo siku kadhaa. Ukapoteze nusu siku katika monasteri ya Santa Catalina ya mwaka 1579, ni mji ndani ya mji. Kisha bonde la Colca ukaone kondori, wale ndege wakubwa, kisha Puno kwenye Ziwa Titicaca, mita 3,800, ndipo ufike Cusco mwili umeshazoea. Mabasi ya kampuni kubwa viti vyake vinalala karibu kama kitanda. Safari za milimani fanya mchana, usiku hutaona kitu na barabara zina kona.

Ukungu

Mzee wangu, kwa mwili uko sahihi, kwa kalenda sikubaliani nawe. Barabara za kusini mwa Peru hufungwa na waandamanaji, na Puno huwa miongoni mwa za kwanza. Januari 2023 hata Machu Picchu yenyewe ilifungwa kwa sababu ya maandamano. Sasa fikiria dada yetu amekwama Puno siku mbili kabla ya kibali ambacho hakisogezwi. Fedha imekwenda na njia hakuiona.

Mimi ningeweka matembezi mwanzo mwanzo na barabara baadaye. Aruke Lima hadi Cusco, lakini asilale Cusco. Ashuke siku hiyohiyo bonde la Urubamba, alale Ollantaytambo ambako ni mita 2,800. Kule kuna magofu ya kutembea polepole na hakuna haja ya kikundi. Baada ya siku tatu nne apande Cusco, akae nyingine mbili, ndipo aanze njia. Titicaca iwe baada ya hapo, ambapo barabara ikifungwa atakosa ziwa tu.

Kati ya Cusco na Puno kuna mabasi ya watalii yanayosimama kwenye magofu njiani yakiwa na mwongozaji. Unapanda asubuhi, mnashuka jioni, kila mtu na njia yake. Kwa mtu anayechanganya kama wewe, hicho ndicho kikundi cha kipimo chake.

Mzee wa Mabasi

Hoja ya kibali naikubali. Ya kuruka moja kwa moja bado naiona ni kuutesa mwili, lakini ukilala Ollantaytambo inapungua.

Kiti cha Dirishani

Kwa nini mtu ajipe kazi yote hii? Lipa pakeji, beba begi, nenda. Likizo ni kupumzika.

Begi Mgongoni

Kiti cha Dirishani, nimeifikiria sana hiyo. Ila ile ratiba inaipa Cusco siku moja na duka la sweta nusu siku. Sitaki kupangiwa muda wa kutazama sweta.

Shangazi Mtembezi

Mwanangu, nikujibu la upweke maana wenzangu wamelikimbia.

Inategemea kikundi cha aina gani. Kwenye ziara za basi za wiki tatu, ndiyo, watu huja wawili wawili, viti ni viwili viwili, na meza hupangwa hivyohivyo. Kwenye matembezi ya mlimani ni kitu kingine. Mchana kila mtu anakwenda kwa pumzi yake, jioni mnakula katika hema moja kwenye meza moja. Siku ya pili mnapanda Warmiwañusqa, mita 4,215, na hapo mke na mume wanaachana kwa nusu saa nzima kila mmoja akihangaika na mapafu yake. Hata ukitaka kula peke yako hutapata nafasi.

Kabla hujalipa, waulize kampuni mambo haya kwa maandishi. Kikundi kinafika watu wangapi kwa wingi? Wakipungua idadi fulani, safari inaahirishwa au inaondoka hivyohivyo? Nikiwa peke yangu nalala hema na nani, na hema la peke yangu linaongeza kiasi gani? Nimeona kampuni zinazokuchanganya na mgeni wa jinsia yako bila nyongeza, na nyingine zinatoza tu. Uliza pia wapagazi wanalipwaje na wanalala wapi. Mizigo yao hupimwa penye kizuizi cha kuingilia, kilomita 82, lakini uzito si jambo pekee. Kampuni inayokwepa swali hilo, nami ningeikwepa.

Ziara za siku moja usizinunue ukiwa nyumbani. Ukifika Cusco ofisi zimejaa kuzunguka uwanja mkuu, unaziona kwa macho, unaanza kesho yake. Siku ukitaka watu unanunua kikundi cha siku moja, siku ukiwachoka unalala. Huo ndio uhuru wa kuchanganya. Ukinunua vyote mapema unakuwa umejitengenezea pakeji yako mwenyewe.

Moja la mwisho: Juni 24 Cusco wana sikukuu ya Inti Raymi. Ni nzuri kuiona, ila vyumba hupatikana kwa taabu siku hizo. Ama ukiweke chumba mapema sana, ama uwe umeshaondoka mjini.

Hatua Fupi

Kuhusu afya, kwa ufupi lakini kwa msisitizo.

Bima: soma ukomo wa mwinuko. Bima nyingi za safari hazilipi matembezi yanayopita urefu fulani, na njia hiyo inavuka mita 4,200. Tafuta inayotaja kutembea milimani hadi urefu huo na inayolipia kuteremshwa kwa dharura. Kwa msafiri aliye peke yake hili ni kubwa kuliko hoteli.

Muulize daktari wako kuhusu asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ile ambayo wengi huijua kama Diamox. Mweleze mzio wowote ulio nao wa dawa. Kichwa kuuma na kichefuchefu siku za mwanzo ni kawaida. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi ukiwa umekaa, unateremka, hungoji asubuhi. Na umwambie mtu. Kwenye nyumba ya wageni mwambie wa mapokezi siku ya kwanza kwamba uko peke yako na ndiyo kwanza umepanda, atakugongea mlango.

Amazon: chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla. Cheti siku hizi ni cha maisha.

Chai ya majani ya koka utapewa kila mahali, ni halali kule. Usibebe hata mfuko mmoja kurudi nao, nchi nyingi ni dawa ya kulevya. Na kama kazini kwako hupimwa mkojo, usinywe.

Begi Mgongoni

Asanteni sana, nimeandika upya ratiba yote. Naweka hivi: Lima usiku mmoja tu. Ndege hadi Cusco, nashuka Ollantaytambo kwa siku nne, peke yangu. Cusco siku mbili, nikitaka nachukua ziara ya siku moja. Kisha Njia ya Inka na kikundi. Kupumzika Cusco. Basi la watalii hadi Puno, kulala kisiwa cha Amantaní kwa wenyeji, kurudi Cusco, kisha ndege ya Puerto Maldonado na kambi ya msituni ambako boti na mwongozaji vimo ndani ya malipo. Mwisho Lima. Kampuni tofauti kwa kila kipande. Kuna tundu mahali?

Ukungu

Nzuri. Msitu umeuweka mahali pake, miguu itakuwa imechoka na huko kazi ni kukaa kwenye boti. Mimi ningeacha siku mbili tupu kati ya msitu na ndege ya kurudi nyumbani. Ndege za huko mvua ikinyesha huchelewa, na kampuni tofauti maana yake hakuna atakayekungoja.

Dira

Tundu moja. Pasipoti yako inaisha lini?

Begi Mgongoni

Agosti mwakani. Safari ni Juni, si inatosha?

Dira

Haitoshi. Peru wanataka iwe na miezi sita mbele siku unayoingia. Na ukinunua kibali leo kwa pasipoti hii kisha ukaibadilisha, namba hazitalingana pale kilomita 82. Wapo wanaopita kwa kuonyesha ya zamani na mpya pamoja baada ya kampuni kuarifiwa, lakini kwa nini uanze hivyo. Wiki hii nenda uhamiaji ukaombe mpya. Ikitoka, jioni hiyohiyo nunua kibali.

Begi Mgongoni

Kesho asubuhi niko foleni.