Redio za Bukoba na Uganda zinaingia Igombe alfajiri halafu zinapotea, shida nini?

kinyozi_igombe

Wakuu habari za humu. Niko Igombe huku Ilemela, nina kibanda cha kunyolea jirani na mwalo. Kuna jambo linanichanganya naomba wenye uelewa wanisaidie. Asubuhi nikifungua kabla jua halijakolea nawasha redio ya kibandani, hizi za kichina zenye sehemu ya flash na antena ya kuvuta, nakuta pale kwenye 88.8 mtu anaongea Kiganda kimenyooka, husikii hata mkwaruzo, unasikia mpaka matangazo ya maduka ya Kampala. Ikifika kama saa tatu inaanza kuyumba, saa nne imebaki mvumo tu. Siku nyingine haiji hiyo inakuja redio moja ya Bukoba. Sasa mama yangu ni Mhaya na anaishi na mimi, alivyosikia siku hiyo matangazo ya vifo yanataja vijiji vya kwao alisimama palepale na ufagio mkononi mpaka yakaisha, na toka hapo kila siku ni "nitafutie ile redio, nitafutie ile redio". Fundi mmoja wa mtaani ananiambia nikinunua busta, kile kidude cha kukuza mawimbi, ya elfu 45 nitaipata masaa 24. Ni kweli jamani au naenda kuliwa hela? Na hizi stesheni kwani usiku zinaongeza nguvu?

Mzee wa Kirumba

Wanaongeza nguvu mkuu, usiku umeme hausumbui kwahiyo mitambo inafungulia yote. Mimi zamani nilikuwa napata mpaka Burundi. Nunua tu hiyo busta.

fundi_makoroboi

Mzee wangu shikamoo ila hapo hapana. Kituo cha FM kinapewa nguvu yake kwenye leseni na hakuna anayeongeza alfajiri na kupunguza saa nne, tena saa nne ndo wasikilizaji wapo wengi, apunguze ili iweje?

Dogo wa Igombe sikiliza, kinachobadilika ni hewa iliyo juu ya ziwa. FM inasafiri karibu kwa kunyooka, inaona kidogo zaidi ya pale jicho linapoishia, basi. Ipo hesabu yake rahisi, chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Mnara ukiwa mita 100 juu ya maji unapata 41. Antena yako ikiwa mita 9 juu unaongeza 12 na ushee, jumla 53. Hata uweke mnara kwenye mlima wa mita 400 unapata 82 tu ukiongeza zako ni 94 hivi. Sasa Mwanza mjini na Bukoba kwa kukata ziwa ni kama kilomita 180, na Kampala ni zaidi ya 300. Kwa hesabu hiyo hutakiwi kusikia chochote, na ndo maana mchana husikii.

Lakini kuna usiku na alfajiri hewa inageuka. Kawaida ukipanda juu baridi inaongezeka, siku hizo inakuwa kinyume, hewa ya chini imepoa na imejaa unyevu wa ziwa, juu yake kuna hewa ya joto na kavu. Mawimbi yakifika kwenye huo mpaka yanapindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, yanatembea humo kama maji kwenye bomba, na ziwani hakuna mlima wa kuyakata wala miti ya kuyanywa. Jua likipanda nchi kavu inapata moto, ule upepo wa ziwani unaanza kuvuma kuja huku, hewa inachanganyika na bomba linapasuka. Saa tatu saa nne hizo unazosema ni zenyewe kabisa. Siku ya upepo au ikinyesha usiku hutapata kitu, ila kiangazi asubuhi ambayo maji yametulia na ng'ambo kuna ukungu wa moshi moshi, hapo zungusha redio taratibu kuanzia 87.5 utashangaa.

Na hiyo ya leo Kiganda kesho Bukoba, ni tabia ya FM, redio inashika yenye nguvu zaidi na kuimeza dhaifu moja kwa moja. AM ingekuchanganyia zote mbili ukasikia kama watu wanagombana. Kwenye FM bomba likisogea kidogo mwenye nguvu anabadilika, unaona kama mtu kakugeuzia stesheni.

Muhaya wa Kashai

Nimecheka hapo kwa mama na ufagio, mpe salamu zangu, mwambie huku hatujambo 😂

Mimi niko Bukoba na sisi huku Uganda ni maisha ya kila siku wala hatusubiri alfajiri. CBS redio ya Kabaka ile ya 88.8 na 89.2 kuna watu wanaijua ratiba yake kuliko ya TBC, maana Kiganda na Kihaya ukisikiliza vizuri unaokota mengi. Ujue Tanzania redio hairuhusiwi kutangaza kwa lugha za makabila, ni Kiswahili au Kiingereza, kwahiyo mtu akitaka kusikia kitu kinachofanana na cha nyumbani anavuka mpaka kwa redio. Hata Wajaluo wa Rorya na Shirati muulize yeyote, Ramogi ya Kenya ndo redio ya jikoni.

Redio ya Mwanza huku inakuja jioni jioni, ila nakubaliana na fundi, ukiona leo imeingia kama ipo chumba cha pili usije ukamwalika jirani kesho aje asikilize mpira, utaaibika.

kinyozi_igombe

Asante sana wakuu, nimeelewa kwa kweli. Kwahiyo fundi busta niachane nayo? Na hakuna namna kabisa ya kuongeza siku za kuipata, hata kama sio masaa 24?

fundi_makoroboi

Busta achana nayo. Busta inakuza kila kinachoingia, na wewe kinachoingia kwa wingi ni redio za hapa hapa Mwanza pamoja na kelele za chaja. Redio ndogo ya kichina ikipewa mawimbi mengi inalewa, utaanza kusikia stesheni moja ya mjini imejitokeza sehemu tatu na hiyo Bukoba yako imefunikwa. Hata bila busta wanaokaa karibu na minara wanalijua hilo.

Hela weka kwenye antena, tena ni hela ndogo. Chukua waya wa shaba, kata vipande viwili vya sentimita 75 hivi, vinyooshe kwa mstari mmoja juu ya bomba la plastiki viachane kidogo katikati bila kugusana. Hapo katikati unga ule waya mweusi wa king'amuzi, kiini chake kipande kimoja, nyuzi za nje kipande kingine. Kwanini 75: gawa 300 kwa masafa, 300 kwa 98 ni kama mita 3 ndo wimbi zima, unataka nusu yake, mita moja na nusu, imegawanyika mara mbili. Mama yako stesheni yake iko mwanzoni mwa bendi, kwenye namba ndogo, unaweza kuacha 80 ukawa unapunguza. Pandisha juu ya bati, juu kabisa, sio pembeni ya bati maana bati linakula. Jaribu imesimama na jaribu imelala, usiniulize ipi kwanza, inategemea antena ya wale jamaa imefungwaje na ukikosea unapoteza sana. Ukiilaza hakikisha ubavu ndo unatazama kaskazini magharibi, ncha zake hazisikii kitu.

Redio yako haina tundu la antena najua, vua plastiki mwisho wa waya, kiini banisha na kibanio kwenye antena ya kuvuta ukiwa umeiacha fupi, zile nyuzi za nje shikiza kwenye hasi ya betri. Halafu chomoa chaja ya simu za wateja na uzime zile taa za LED za kioo wakati wa kusikiliza. Najua kinyozi bila taa ni kazi lakini ndo adui yako wa kwanza huyo.

dereva_wa_IST

Wakuu mi kwenye gari napata stesheni iko 78 na nyingine 81, hizo ni za wapi? kwenye simu hazipo kabisa wala redio ya nyumbani. Isijekuwa napata Japani

fundi_makoroboi

Kaka hiyo ni Mwanza hapo hapo. Redio za magari ya Japani zimetengenezwa kwa bendi yao, inaanzia 76 inaishia 90 kwa za zamani, na sisi zetu ni 87.5 mpaka 108. Aliyekuuzia gari alifunga ekspanda, kile kidude kinashusha masafa yote ili yaingie kwenye redio ya mjapani, namba unayoiona kwenye kioo sio namba ya kweli. Tafuta stesheni unayoijua, toa namba ya kioo kwenye namba yake halisi, tofauti hiyo ndo unaijumlisha kwa zote. Na usitumie hiyo gari kutafutia redio za mbali, ekspanda za bei rahisi zinaleta takataka nyingi.

Mzee wa Kirumba

Sawa vijana nimewasikia, lakini Burundi nilikuwa naipata na sijaota.

mawimbi_ya_kati

Mzee wa Kirumba hujaota, ila nina uhakika redio yako ilikuwa kwenye AM. Ile ni biashara nyingine kabisa. Mchana kuna tabaka la chini la anga linakula mawimbi ya AM, jua likizama linatoweka, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu zaidi yanarudishwa chini mamia na maelfu ya kilomita mbele. Hapa hapa Mwanza Radio Free Africa walikuwa na mtambo wa AM kwenye 1377, na miaka ya 2000 kuna wazungu wa Finland na Uingereza huko, watu wa kutafuta redio za mbali kwa starehe tu, walikuwa wanaikamata usiku wanarekodi dakika chache wanaandika barua kuomba kadi ya uthibitisho. Yaani mtu amekaa kwenye theluji anasikiliza bongo fleva ya Mwanza, na mimi niko Nyakato naihangaikia FM ya Geita 😅

FM haifanyi hivyo kwa kawaida, inatoboa anga na kuondoka. Na ndio maana waliogawa masafa wanaweza kurudia namba ileile Bukoba, Musoma na Kampala bila kugombana, kuna mpango wa Geneva wa 1984 unaopanga nani akae wapi kati ya 87.5 na 108. Walipanga kwa siku za kawaida lakini. Ziwa likiamua kufungua njia ule mpango unakuwa karatasi.

mvuvi_giza

Niongezee kidogo. Sisi wa dagaa tunatoka giza la mwezi, tukishapita Ukerewe upande wa nje huko hizi redio mnazozitafuta kwa mabomba na nyaya tunazipata na kisimu cha tochi, earphone ndo antena yake, ukiikunja kunja inapotea ukiinyoosha inarudi. Kwenye maji hakuna nyumba hakuna mlima. Upande mmoja unapata Musoma, ukizungusha kidogo Bukoba, ukizungusha tena Mganda anahubiri.

Ila alichosema fundi kuhusu LED ni kweli tupu, zamani karabai zilikuwa hazina kelele kwenye redio, sasa hivi taa za betri ukiziwasha zote redio inalia ziiiii mpaka unaizima mwenyewe. Tunachofanya redio inakaa kwa nahodha nyuma na taa ziko mbele, na betri ya taa haishirikiani na chaja ya simu. Hapo inatulia kiasi.

Kinyozi, kuwa makini na hilo bomba lako juu ya bati. Ziwa hili lina radi wewe unalijua, usiku wa manane inaanzia katikati ya maji huko inakuja na nchi kavu asubuhi. Ukiona mwanga tu upande wa ziwa chomoa waya uutupe nje ya dirisha, usisubiri mvua.

kinyozi_igombe

Nimepata waya, bomba nimeomba kwa jirani anayejenga. Nitapandisha Jumapili nikifunga kazi. Fundi swali la mwisho, waya wa king'amuzi ukiwa mrefu sana haina shida? kutoka juu mpaka kaunta ni kama mita 15

fundi_makoroboi

Mita 15 kwa FM hupotezi cha kukuuma, kwenye 30 au 40 ndo ungenitafuta. Angalia tu maungio ya juu yasipitishe maji, zungushia mpira wa tairi la baiskeli ufunge kwa nguvu, gundi ya karatasi jua la Igombe linaimaliza ndani ya mwezi. Waya ukishuka kabla haujaingia dirishani uache uning'inie kidogo ili maji yadondokee nje. Ukimaliza rudi utuambie imesimama au imelala.