Wakuu, dudu jeusi lenye pembe limeingia chumbani, Uyole. Nani analijua?

Kijana wa Uyole: Mugonile wakuu. Jana usiku najiandaa kulala nikakuta dudu limening'inia kwenye chandarua. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari, urefu kama kidole gumba, puani lina pembe moja iliyopinda kurudi nyuma. Tumboni lina vinyweleo vya rangi ya kutu. Miguu ina ndoano, ilibidi nikate nyuzi za neti kulitoa. Ukiligusa linalia "tsss". Nimelifunikia sufuria, mke kahamia sebuleni na mtoto. Lina sumu? Na linakula nini?

Mama Parachichi: Sufuria ya kupikia?

Chuma cha Pua: Hicho ni kifaru kimepotea njia. Piga simu hifadhini waje kuchukua mtoto wao.

Mzee wa Mafinga: Kijana usiogope. Mwaka niliooa nilichongesha kitanda, fundi akanipa mbao mbichi. Usiku tunasikia ndani ya ubao kru, kru, kru. Mke wangu akasema kwenu kuna mambo. Tukalala chini wiki nzima. Siku moja ubao ukatoboka, akatoka mbawakawa ana vipapasio virefu kuliko mwili wake! Kumbe alikuwa humo tangu funza. Kitanda ninacho mpaka leo, na tundu lake.

Fundi Minazi: Kwa maelezo hayo ni chonga, dume. Hana sumu wala haumi, pembe ni ya kupigana na madume wenzake. Huo mlio anajisugua tumbo na mbawa. Funza wake ni wale wanene weupe waliojikunja, wanakaa kwenye samadi na magogo yaliyooza. Kwetu Pwani tunamchukia maana anatoboa moyo wa mnazi, makuti yakifunguka unaona yamekatwa pembetatu kama kwa mkasi. Mtoe nje, mrudishe mke chumbani.

Ngosha Mkulima: Ukilipata rundo lenye funza hao usiwatupe, kuku wanawagombania. Samadi Uyole siku hizi kiroba bei gani?

Mwalimu Mstaafu: Mimi kuna kitu sijaelewa. Mtu mwenye hofu huuliza dawa. Wewe unauliza chakula. Unamfuga?

Kijana wa Uyole: Mwalimu umenibana. Kuna jamaa anasema dudu lenye pembe Japani wananunua milioni 12, mradi lifike hai. Nimeshamtumia elfu themanini ya vipimo. Lakini si tapeli, kanitumia mpaka picha ya kitambulisho. Na hela ilikuwa yangu, sijakopa kwa mtu.

Mama Parachichi: Elfu themanini! Na mkeo analala sebuleni kwa baridi hii. Mwanangu, hela ya haraka huwa inatoka mfukoni mwako kwanza.

Fundi Minazi: Kaka, Wajapani kweli wanafuga wadudu wenye pembe, hadi madukani wanauzwa. Lakini chonga yuko kila rundo la samadi huku, nani atoe milioni 12? Tena kusafirisha wanyamapori hai nje kulipigwa marufuku mwaka 2016. Huyo jamaa anapitisha wapi?

Chuma cha Pua: Anapitisha kwenye simu yako.

Jicho la Tatu: Subirini kwanza. Mimi naishi Uyole. Juni hii asubuhi nyasi ni nyeupe kwa baridi, hata nzi hawaruki. Chonga anatokea wapi na kupaa mpaka kwenye chandarua? Hii stori ya kutunga, mtoa mada anatafuta mnunuzi humu humu.

Mzee wa Mafinga: Kweli. Wangu alitoka kwenye mvua za Novemba.

Kijana wa Uyole: Sijatunga! Dudu lipo, nawaapia. Ila halikuingia lenyewe. Shemeji kaja nalo toka Kyela kwenye kopo la maziwa ya unga, usiku likasukuma kifuniko. Chandarua ni kweli kabisa.

Jicho la Tatu: Kyela sawa, kule joto. Na huyo jamaa wa Japani namba yake ulipewa na nani?

Mwalimu Mstaafu: Jibu swali.

Kijana wa Uyole: Na shemeji. Lakini ni mdogo wake mke wangu, hawezi kunifanyia hivyo.

Ngosha Mkulima: 😂😂😂 Shemeji yuko wapi sasa hivi?

Kijana wa Uyole: Kapanda Coaster ya asubuhi kurudi Kyela, anasema anatafuta jike. Simu haipatikani, kule Tukuyu mtandao unasumbua.

Mama Parachichi: Baba, mwambie mkeo leo hii. Na hiyo sufuria uioshe.

Kijana wa Uyole: Nitamwambia. Jamaa kapiga tena, anataka elfu arobaini ya cheti, nimemwambia asubiri kwanza. Ila Fundi Minazi hujanijibu, halijala tangu jana. Ndizi mbivu linakula?