Miaka yote hii ya kusachiwa: tuko salama zaidi, au tumezoea tu kuinua mikono?

Chungu Kikuukuu:
Jana nilimpitisha kijana wangu kwenye bustani ya kumbukumbu, pale kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Ana miaka kumi na mitatu. Alisoma majina ukutani mpaka akachoka, kisha akaniuliza: baba, kwa hivyo zamani mtu alikuwa anaingia tu supamaketi na mkoba wake, hakuna wa kumwuliza? Nikacheka, halafu nikakosa jibu.

Watu 213 walikufa Nairobi ile Ijumaa ya Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Kisha yakaja mashambulio ya Kikambala, Westgate, Mpeketoni, Garissa, Dusit. Swali langu ni hilo la kichwa cha mada. Mimi naona mengi ni maigizo. Soja ananipitishia kile kifimbo chake, kinalia pii, anasema pita mkubwa. Kinalia kwa funguo, kingelia kwa bastola, jibu ni lile lile. Na nusu yao huwa wamelala.

Mkali wa Ruaka:
Maigizo gani? Linganisha. Garissa 2015 magaidi walivamia chuo alfajiri, Recce, kile kikosi maalum cha polisi, wakafika mchana, watu 148 wakafa. Dusit 2019 waliingia alasiri, vikosi vikafika upesi, waliokufa 21 na mamia wakatolewa wazima. Hapo katikati kuna watu walijifunza kazi. Na ule msako wa polisi kule Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, ulisaidia pia, asiyependa anune.

Fatma Section Two:
Nimenuna.

Aprili 2014 nilikuwa kidato cha tatu. Polisi walibisha kwetu Eastleigh saa nane usiku. Mama akawapa vitambulisho vyote, wakavimulika tochi, mmoja akakikunja cha mjomba kama karata, anatazama kama kitavunjika. Mjomba amezaliwa Pumwani. Wakaondoka naye, tukamtafuta siku nne. Maelfu walikamatwa mwezi ule, wengine wakarundikwa uwanja wa Kasarani, na baada ya hapo ikaja Garissa. Sasa nieleze huo msako ulimsaidia nani.

Hadi leo nikipanda matatu na buibui langu na mkoba mkubwa, kiti cha kando yangu hubaki wazi mpaka Pangani. Silalamiki, nakaa kwa raha zangu.

Mkali wa Ruaka:
Pole ya mjomba, dada. Lakini watu hawaanguki kutoka mbinguni na bunduki. Kuna anayewapa pa kulala.

Fatma Section Two:
"Kuna anayewapa" ni mimi? Kuwa na adabu. Desemba 2015, basi la Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, abiria wakaambiwa Waislamu wasimame kando. Wakakataa. Akina mama walikuwa wanawavisha wenzao Wakristo mitandio. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafa mwezi uliofuata. Huyo alimpa nani pa kulala?

Bawabu wa Zamu:
Samahani nirudi juu kidogo, kwa neno "wamelala".

Mimi ndiye soja. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Hicho kifimbo, betri yake ya mwezi uliopita nilinunua mimi kwa pesa yangu. Wewe mkubwa ukija na gari hushushi kioo, unanionyesha kidole gumba ukiwa ndani. Nikikuomba ufungue buti, unaniuliza kwani unafanana na gaidi. Nikisisitiza, unampigia meneja simu, kesho siko getini. Kitabuni kwangu wiki hii kuna mgeni kajiandika Yesu wa Nazareti, nambari ya kitambulisho 123. Saa ya kutoka hakujaza.

Chungu Kikuukuu:
Bwana Bawabu, sikusema wote. Nimesema nusu.

Bawabu wa Zamu:
Nusu ya juu au ya chini?

Mgosi wa Tanga:
Poleni majirani. Naomba kuuliza bila ugomvi: soja ndiyo nani? Na kusachiwa ni kufanywa nini? Huku kwetu kuna mlinzi, na mtu anapekuliwa. Halafu sisi tulilipuliwa siku ile ile, dakika chache baada yenu, wakafa watu 11 pale ubalozini Dar es Salaam. Lakini leo naingia sokoni na kisu changu cha nanasi, hakuna anayeniuliza. Labda tatizo lenu ni woga.

Mkali wa Ruaka:
Mgosi, nyinyi hamkupeleka jeshi Somalia. Pelekeni, halafu tutasikia kama bado mna nafasi ya sarufi.

Chungu Kikuukuu:
Jeshi letu limevuka mpaka Oktoba 2011, Mkali. Bomu la 1998 lilikuja miaka kumi na mitatu kabla. Usichanganye.

Mkali wa Ruaka:
Sichanganyi. Westgate 2012 ilikuwa kisasi cha kuingia Somalia, al-Shabaab wenyewe walisema.

Shangazi Parklands:
2013. Septemba, tena Jumamosi. Nilikuwa Sarit nanunua viatu vya shule. Kama hujui mwaka, angalau usimfokee mtu.

Mwana Lamu:
Mimi nina jambo dogo. Baada ya haya mashambulio kwetu tulikatazwa kuvua usiku. Si wiki, ni miaka. Kuna samaki haingii jarifani mchana, yuaona uzi. Baba aliuza mashua, akanunua bodaboda ambayo hajui kuiendesha. Ningependa kusikia wenye maduka makubwa wanasemaje kuhusu usalama wa aina hiyo.

Bawabu wa Zamu:
Kwanza nimjibu Mgosi, maana kasema woga.

Unajua 1998 lile lori la bomu lilikuwa liingie chini ya jengo la ubalozi Nairobi? Wakamwambia bawabu ainue kizuizi cha geti la nyuma, akakataa. Hakuwa na bunduki. Wakarusha gruneti, na watu wa majengo ya jirani wakasikia mlipuko, wakakimbilia madirishani kuchungulia. Ndiyo maana wengi walipoteza macho, bomu lenyewe lilipopasuka walikuwa nyuma ya vioo. Lingeingia chini, ungehesabu vingine. Na hapo kwenu Dar, lori lilikwamia getini kwa sababu ya gari la maji, na kati ya wale 11 kuna walinzi watano. Garissa, waliopigwa risasi mwanzo ni walinzi wawili wa geti la chuo. Usinifundishe woga, ndugu yangu.

Mgosi wa Tanga:
Mkuu, hapo umenifunga mdomo. Hilo la walinzi watano sikulijua, na niko nchi hiyo hiyo. Naondoa neno woga. Soja bado nalikataa.

Shangazi Parklands:
Na huyo bawabu analipwa ngapi? 2023 si walitangaza elfu thelathini kwa Nairobi?

Bawabu wa Zamu:
Mama, hiyo elfu thelathini niliisikia redioni. Kwenye bahasha haijanifikia.

Mkali wa Ruaka:
Sasa tumetoka kwenye ugaidi tumeingia chama cha wafanyakazi. Kampuni ikilipa hiyo, kodi ya duka inapanda, na bei ya mkate inapanda.

Shangazi Parklands:
Mkate! Mtu unayemtaka asimame mbele ya risasi kwa niaba yako, wewe unahesabu mkate.

Fatma Section Two:
Bawabu, kaka yangu, nakuheshimu na hiyo ya geti la nyuma imenitoa machozi. Lakini sema kweli. Mimi nikipita, mkoba unafunguliwa mpaka pochi ya sabuni. Mzungu aliye nyuma yangu anaambiwa karibu.

Bawabu wa Zamu:
Ni kweli dada, sikatai. Mzungu nikimchelewesha, simu inapigwa. Wewe hujawahi kumpigia mtu simu.

Fatma Section Two:
Nitaanza.

Chungu Kikuukuu:
Jamani, nilichouliza ni kama tuko salama zaidi. Kijana wangu anasoma hapa begani kwangu, anasema hakuna aliyejibu.

Mkali wa Ruaka:
Mimi nilijibu mara ya kwanza kabisa. Soma juu.

Mwana Lamu:
Nimesoma juu na chini. Mashua ya baba haikuguswa na mtu.

Shangazi Parklands:
Mwanangu wa Lamu, tusamehe. Siku hizi mnavua usiku?

Mwana Lamu:
Tuliruhusiwa tena. Lakini mashua ishauzwa, mama. Na nanga pia.

Bawabu wa Zamu:
Saa kumi na mbili kasorobo, naingia zamu. Chungu, ukija na kijana wako leo, shusha kioo.

Mgosi wa Tanga:
Kabla hujaondoka mkuu: wingi wake ni masoja?

Shangazi Parklands:
Lala, Mgosi.